Windows na Linux kwenye laptopu moja: kazi kubwa iko kabla ya kuchomeka flashi

Mkuu, umeuliza kama laptopu yenu ya nyumbani, SSD ya GB 256 na RAM ya GB 8, inaweza kubeba Windows ya mahesabu ya duka la shemeji pamoja na Linux, mfumo endeshi mwingine, ya kijana anayejifunza programu. Fundi wa hapo Moshi kakwambia lazima afute kila kitu kwanza. Si lazima. Kufuta kunamrahisishia yeye. Mimi niko Sakina, Arusha, na mashine ninayoandikia hapa ina Windows 11 na Linux Mint (aina mojawapo ya Linux), zote zinakula diski moja bila ugomvi.

Windows imeshakaa, iache ilipo, Linux ije pembeni. Ukigeuza utaratibu, Windows itajiweka mbele wakati wa kuwaka na menyu ya kuchagua huioni tena mpaka uirudishe kwa mkono.

Kabla ya yote, mafaili ya duka yahamie diski ya nje. Bakapu ikiwa kwenye diski ileile hiyo si bakapu. Halafu angalia BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski. Laptopu nyingi za siku hizi zinakuja diski imeshafungwa na mwenyewe hana habari. Unagusa kitu kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), mara skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine, uutafute, uuandike kwenye karatasi.

Kinachofuata ndicho wengi wanachoruka. Windows ukiizima kwa kawaida haizimiki kabisa, kwa sababu ya Fast Startup, kitu kinachohifadhi hali ya Windows ili iwake haraka. Linux ikija inakuta partisheni (kipande cha diski) ya Windows haijafungwa vizuri, inakubali kusoma tu, na kijana ataanza kulalamika hawezi kusevu kitu humo. Fungua Command Prompt kama admini, andika powercfg /h off. Amri hiyo inaua Fast Startup na inafuta lile faili kubwa la kulalia (hibernation), ambalo mara nyingi ndilo linazuia diski kupunguzwa. Restati, nenda Disk Management, sehemu ya Windows ya kugawa diski, bofya kulia C, chagua Shrink Volume. Linux mpe GB 60, kwa mwanafunzi zinatosha. Nafasi iache tupu hivyohivyo, usiifomati wala kuipa herufi.

Faili la Mint ni karibu GB 3, shusha usiku kwa bando la bei poa, liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Kwenye kupiga yenyewe sina mengi: chagua kuiweka pembeni ya Windows, usichague kufuta diski. Chaji iwe imejaa. Wenye desktopu bila UPS wasianze siku ambayo umeme wa mtaani unachezacheza.

Sasa jiandae na kituko cha saa. Ukirudi Windows utakuta saa imerudi nyuma masaa matatu kamili. Linux inaandika saa ya ubao (ya ndani ya mashine) kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Kwa mtu wa kuangalia muvi haina shida, ila kwa duka risiti ya saa nne asubuhi itasoma saa moja, kabla shemeji hajafungua mlango. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, kisha rekebisha saa mara moja. Itakupa onyo, lipuuze, Tanzania hatubadilishi saa kwa misimu.

Kuhusu hofu yako kwamba Windows itakuwa nzito: hapana. Inawaka moja kwa wakati mmoja, na inayowaka inapata RAM yote. Kinachopungua ni diski tu.

Ukimaliza Shrink, piga picha skrini ya Disk Management uiweke hapa kabla hujagusa flashi, tuikague. Na kijana akija kuichoka Linux, rudisha kwanza Windows Boot Manager iwe ya kwanza kwenye BIOS ndipo ufute partisheni zake.