Ile rivolva ndogo unayoniuliza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, na ile picha pia nimeiona. Unasema Bodi ya Leseni za Silaha imekaribia kukupitisha, na muuzaji amekuonyesha rivolva ndogo, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi tano, nyepesi kama simu, akakwambia hiyo ndiyo bastola ya akina mama. Sasa unataka kujua uichukue ama utafute bastola ya kawaida ya magazini kama zile za maaskari. Jibu langu ni hili: rivolva sawa, hiyo hapana. Soma basi sababu, maana najua bila sababu utafanya unavyotaka.

Nianze na huyo muuzaji. Hakuna silaha ya akina mama. Kuna mkono mdogo na mkono mkubwa, kuna mwenye nguvu za vidole na asiye nazo, na vyote hivyo nimeviona kwa wanaume na wanawake miaka yote niliyokaa kwenye ghala la silaha. Anachokuuzia kwa jina hilo ni bastola ngumu kuliko zote kuipigia shabaha, na anampa mtu ambaye hajawahi kufyatua risasi nje ya mafunzo. Bastola ndogo nyepesi ni ya fundi. Mgeni huanza na nzito.

Ile ya kwenye picha, kwa jinsi ninavyoiona, ni ya ukoo wa Smith & Wesson 642, fremu ya alumini, mtutu usiofika sentimita 5. Bila risasi ina gramu mia nne na ushei. Ruger, watengenezaji wengine, wana yao, LCR, iliyotoka 2009, na ya kwao ni nyepesi zaidi, kama gramu 380. Ukiibeba siku nzima huisikii, hilo ni kweli, na ndiyo maana zinauzika. Lakini teke la bastola, ule msukumo wa kurudi nyuma risasi ikitoka, halipotei. Risasi ni ileile ya .38 Special, na teke lile likikosa chuma cha kulimeza linakuja lote kwenye kiganja chako. Dereva wa trekta akipita kwenye shimo hajali. Mwenye bodaboda akipita shimo hilohilo anaruka na kiti chake. Utapiga risasi kumi, kiganja kitawaka moto, utaanza kufumba macho kabla ya mlio, na ukishazoea kufumba macho kuiacha tabia hiyo ni kazi. Mwishowe bastola inalala kwenye sefu na mwenyewe hakanyagi tena uwanja wa shabaha. Watu wa namna hiyo ni wengi, na leseni wanayo.

Kwa hiyo nataka uulize ya chuma kitupu. Smith & Wesson wana 640, ndugu wa hiyo uliyoonyeshwa: risasi tano vilevile, umbo lilelile, ila ni chuma kisichoshika kutu na ina gramu mia sita na zaidi kidogo. Ruger wana SP101, nzito zaidi ya hapo, gramu 700 na ushei, imara sana. Hizo robo kilo unazoongeza ndizo zitakazokufanya urudi kupiga shabaha mwezi unaofuata. Zote mbili huandikwa .357 Magnum kwenye mtutu, yaani risasi yenye nguvu kuliko .38. Usitishike, na usijaribu ushujaa. Bastola ya .357 inakubali risasi za .38 bila shida, ya .38 ndiyo haikubali za .357. Wewe weka za .38 na ukae nazo hizo. Magnum kwenye mtutu mfupi hivyo ni kelele, moto, na mkono unaouma.

Hapo pana jambo la kuuliza kabla hujatoa hata shilingi: risasi zenyewe. Cheti chako kitataja aina ya silaha na pia risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, kwa hiyo si kitu cha kubadilisha baadaye kwa kuwa umeona nyingine nzuri. Ceska na Jericho unazoziona kwa polisi zinatumia milimita 9, na raia wengi wenye leseni hufuata hiyohiyo. Muulize muuzaji kama .38 Special anazo dukani leo, bei ya boksi ni gani, na mara ya mwisho kuishiwa ilikuwa lini. Akianza kuzungukazunguka, hapo wazo lako la bastola ya kawaida linapata nguvu, na sitakupinga. Rivolva isiyo na risasi za mazoezi ni mzigo wa kulipia leseni kila mwaka.

Utaniuliza basi kwa nini naipendelea rivolva. Kwa sababu ya namna utakavyoibeba na mahali utakapokuwa. Bastola ya magazini inataka ishikwe sawasawa, mkono ukilegea inaweza kukwama, na ikikwama lazima ujue kuikwamua kwa mikono miwili huku mtu amekushika nguo. Rivolva risasi moja ikigoma, unavuta triga tena na silinda inakuletea nyingine. Na haina magazini wala springi yake ya kuangalia. Inachokunyima ni hesabu: risasi tano, na kujaza tena ni polepole mno kwa mtu anayetetemeka. Ile Colt Detective Special ya 1927 iliingiza sita kwenye umbo dogo, lakini usikubali kuuziwa ya zamani kwa sababu ya risasi moja ya ziada.

Nyundo, kile kipande cha nyuma kinachopiga risasi, iwe imefichwa ndani, ama kwa SP101 uulize ile isiyo na kijipembe cha kunasa. Zenye nyundo ya nje hunasa kwenye nguo, tena kwako zitanasa kila siku, kwa sababu ya hayo madera. Mwanangu, hapa Njoro mimi naweza kuficha hata bunduki ndefu, mwaka mzima ni sweta na koti. Kisumu saa saba mchana unavaa kitambaa chepesi kinachoshika mwili kwa jasho, na dera halina mkanda wa kubeba chochote. Hilo ndilo tatizo lako kubwa, kuliko aina ya bastola. Kuna mikanda mipana ya kitambaa cha kuvutika, inafungwa kiunoni ndani ya nguo, ina mfuko mgumu wa kukaa bastola. Ama uvae suruali ya kitambaa kizito yenye mfuko wa maana, na bastola iwe ndani ya ala yake ya mfukoni inayofunika triga yote. Mfuko huo ni wake peke yake. Hakuna funguo, hakuna sarafu, hakuna kile kitambaa chako cha jasho.

Mkoba wa begani ondoa kabisa kichwani. Najua ndicho ulichokuwa unafikiria, kwa sababu umeniuliza kama itaenea kwenye ule mkoba wa kahawia. Pale Kibuye na Kondele mtu aliyebebwa nyuma ya pikipiki anapita na mkoba wako kabla hujageuza shingo. Ukiwa na pesa humo, umepoteza pesa. Ukiwa na bastola humo, umempa mwizi silaha yenye namba iliyoandikwa kwa jina lako, na wewe ndiye utakayekimbilia kituoni kueleza. Na huo mkoba unauweka wapi ukifika nyumbani? Kwenye kochi, na mjukuu wangu ndiye wa kwanza kuufungua kutafuta peremende.

Chuma kisichoshika kutu nimekitaja, na si kwa urembo. Jasho lina chumvi, na hewa ya ziwa haikauki. Bastola nyeusi ya chuma cha kawaida ikikaa tumboni kwako wiki moja ya Februari utaona vidoa vya kahawia kwenye silinda na chini ya mpini. Hata hiyo nyeupe isiyoshika kutu usiiamini sana. Kila jioni kabla ya kuifungia, ipitishe kitambaa chenye mafuta kidogo. Kidogo, nimesema. Mafuta mengi huvuta vumbi na nyuzi za nguo.

Sasa siku ya kwenda dukani. Usiifungue na kuifunga kama wanavyofanya kwenye sinema, kwa kuirusha silinda kwa mkono mmoja. Mwenye duka akikuona akunyang'anye, na atakuwa na haki. Fungua silinda, hakikisha matundu yote matano ni matupu, yaguse kwa kidole moja moja. Funga kwa kidole gumba. Kisha vuta triga polepole mpaka mwisho, uishikilie hapo, na ujaribu kuitikisa silinda kwa vidole. Ikicheza sana, irudishe. Fanya hivyo kwa kila tundu, kwa sababu ubovu unaweza kuwa kwa moja tu. Angalia pia ule uwazi kati ya silinda na mtutu: uwe mwembamba na sawa pande zote. Hapo ndipo moto hutoka kwa pembeni risasi ikiondoka, kwa hiyo vidole vya mkono unaosaidia visikaribie hapo kamwe.

Halafu omba ruhusa ya jaribio moja. Bastola ikiwa tupu na imeelekezwa mahali salama, mwambie muuzaji akuwekee sarafu ya shilingi kumi juu ya mtutu, karibu na kile kijino cha mbele cha kulengea. Vuta triga mpaka nyundo ipige. Triga ya bastola hizi inataka nguvu ya kilo 5 hivi, yaani mara nyingi ya uzito wa bastola yenyewe, na ndiyo maana mtutu huzama ama huenda kando kabla risasi haijatoka. Sarafu ikianguka, si kosa la bastola. Fanya na ile nyepesi, kisha na ya chuma, na utaelewa ninachosema bila mimi kuwepo. Ukishainunua, hilo ndilo zoezi la nyumbani, risasi zikiwa chumba kingine, mlango umefungwa na mtoto hayupo.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawasemi, na watu huja wakilia kwamba rivolva yao imeharibika. Silinda haifungi, ama inazunguka kwa shida. Fungua, sukuma ile fito ya kutolea maganda, na uangalie chini ya ile nyota inayoinua maganda. Utakuta punje za baruti zisizoungua zimejibana hapo, ndogo kama vumbi la unga. Zinatosha kuinyanyua nyota kidogo tu, na kidogo hicho kinakwamisha bastola nzima. Brashi ya meno kavu inatosha. Na unapotoa maganda, elekeza mtutu juu, piga fito kwa nguvu mara moja, yote yaanguke. Ukifanya kwa woga, ganda moja litaingia chini ya nyota na hapo umekwama kabisa.

Kuhusu sheria, wakili atakueleza vizuri zaidi, lakini jua hili kutoka kwangu. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea kutapimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza, na huko swali ni kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokuwepo. Mtu anayekimbia na droo ya pesa za duka hajakuweka kwenye hatari ya kufa. Mwache aende. Mwisho wa 2018 serikali ilipoamuru wote wenye leseni wakaguliwe upya, sababu mojawapo ilikuwa watu wa kuchomoa bastola kwenye baa na kwenye maegesho ya magari. Wewe hutaionyesha kwa mtu yeyote, hata shemeji yako anayependa vitu hivyo. Ukienda kwenye sherehe itakapokuwa na kinywaji, inabaki kwenye sefu. Na sefu yenyewe ifungwe kwa bolti ukutani ama sakafuni. Sefu ya kubebeka ni zawadi kwa mwizi. Tafuta fundi sasa hivi, kabla bastola haijafika, kwa sababu mkaguzi naye atataka kuiona.

Naona umekasirika tangu wale vijana waingie dukani kwako, na hasira hiyo naielewa. Lakini weka pia kamera, punguza pesa taslimu, na ubadilishe saa za kwenda benki. Hayo hayahitaji leseni.

Wiki ijayo nakuja Kisumu kwa mambo ya shamba la shangazi yako. Usilipe chochote kabla sijafika. Twende wote kwa huyo muuzaji, mimi nitasimama pembeni kama mama mzee asiyejua kitu, wewe uulize ya chuma. Nitumie bei zake zote mbili, ya nyepesi na ya chuma, kwa simu kabla ya Jumamosi, na bei ya boksi la .38.

Mamako