Mwanangu, kabla hujalipia hiyo ekari ya Rongai

Njoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kuna wa kukuzuia kujenga nyumba za kupangisha kwenye ile ekari ya Rongai hii yetu ya Nakuru, maadamu ni shamba la kijijini. Yupo. Hatimiliki itasema ardhi ni yako, lakini shamba la kilimo hubaki la kilimo mpaka kaunti ikubali kubadilisha matumizi yake, na ujenzi unataka kibali chake chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019.

Kabla ya hayo kuna bodi ya kudhibiti ardhi, inayoidhinisha mauzo ya mashamba. Shamba la kilimo haliuzwi wala haligawanywi bila ridhaa yake, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mpatane. Mkikosa ridhaa, mapatano yenu ni bure kisheria hata kama umemaliza kulipa. Mwambie muuzaji aje na mkewe. Nimeona mauzo yakivunjika mlangoni pa bodi kwa kuwa mama mwenye boma hakujua shamba linauzwa.

Mimi na marehemu baba yako tuliuziwa ploti ya futi hamsini kwa mia, bikoni, yale mawe ya mpaka, zimesimama vizuri. Tuliahidiwa hati zitafuata. Kumbe mgawanyo ule haukuidhinishwa popote. Hati ilikuwa moja tu, ya shamba zima. Tulizunguka ofisi miaka 11. Baba yako alizikwa bila kuishika hati yake, na mpaka leo nikipita pale naangalia upande mwingine. Kwa hiyo sachi, yaani ukaguzi wa rekodi za ardhi, ifanywe kwa namba ya kipande chako hasa, na sapeyo, mpima ardhi, akupeleke bikoni moja moja, ramani mkononi.

Umesema upande wa chini wa shamba kuna kijito. Kutoka maji yanapofika mto ukifurika, mita 6 hadi 30 ni za hifadhi ya mto, hapo hujengi. Hesabu kinachobaki ndipo uitaje bei. Waulize pia wazee wa hapo kama ardhi imewahi kupasuka wakati wa mvua kubwa, maana Nakuru hii tunazijua nyufa zake.

Wiki hii usitume pesa, hata ya kushikilia. Nenda kwanza ofisi ya mipango ya kaunti uulize eneo hilo limepangiwa nini. Ukipata siku ya sapeyo nipigie, nitakuja tutembee mpaka wote pamoja.

Mama yako