Mtoaji wa ini kwanza, harambee baadaye

Daktari akishatamka kwamba ini limechoka na mgonjwa anahitaji kupandikizwa jingine, familia nyingi hapa Nairobi huanza na pesa. Kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo, mweka hazina anachaguliwa, nambari ya paybill inasambazwa kanisani na kazini. Tangu nilipomtolea kaka yangu sehemu ya ini langu, watu hunitafuta waniulize mambo haya, nami huanza kwa kuwauliza: nani atatoa? Mara nyingi unakuta hakuna hata mmoja aliyepimwa.

Mtafuteni mtoaji kwanza. Wakenya wengi wanaohitaji ini huenda India, na huko ini la mtu aliyefariki hupewa raia wa India kabla ya mgeni. Kwa hiyo mgonjwa wetu hasafiri kwenda kupanga foleni. Anasafiri na mtu aliye hai, atakayemkatia kipande. Sheria ya India ya 1994, iliyofanyiwa marekebisho 2011, inawataja jamaa wa karibu kuwa mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa pamoja, babu na bibi, na wajukuu. Binamu hayumo. Mjomba, shemeji na mpwa hawamo pia. Hao wanaweza kukubaliwa, lakini kamati ya kuidhinisha upandikizaji lazima iridhike kwamba hakuna pesa iliyopita mkono kwa mkono, na kwa sisi wageni kamati hiyo huwahoji hata ndugu wa toka nitoke. Kuuza kiungo ni kosa la jinai. Mtu akikuambia anamjua kijana atakayetoa kwa bei nafuu, achana naye.

Kupima hakuanzi na gharama kubwa. Kundi la damu hupimwa karibu maabara yoyote mjini. Mwenye O anaweza kumpa yeyote, mwenye AB anaweza kupokea kutoka kwa yeyote, na hiyo chanya au hasi inayoandikwa mbele yake haizuii kitu kwenye ini. Kisha vipimo vya hepatitisi B na C na virusi vya Ukimwi. Kisha picha ya ultrasaundi kuona kama ini lina mafuta. Wengi huondokea hapo. Wachache wanaobaki ndio hufanyiwa CT skani ya kupima ukubwa wa ini na kuona mishipa yake, na MRI ya kuonyesha njia za nyongo.

Kwetu, ugonjwa wa kaka ulikuwa hepatitisi B, na huenda alizaliwa nayo. Hilo ndilo linalozipata familia nyingi bila kutarajia: virusi hivi hupita kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo wale ambao ungewategemea watoe huenda nao wanavyo. Dada yetu mkubwa alikutwa navyo, na hajawahi kuugua siku moja. Kitinda mimba alikutwa na mafuta kwenye ini. Nikabaki mimi, O, ini safi. Mama alitufuata kwenye korido ya maabara akauliza kama ni yeye aliyewapa wanawe ugonjwa. Daktari alimkalisha kwenye benchi, akamweleza kwamba enzi zake wajawazito hawakupimwa hepatitisi, wala watoto wa Kenya hawakuwa na chanjo hiyo, kwani iliingizwa katika chanjo za kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000. Namshukuru daktari yule hadi leo. Kama mgonjwa wenu ana hepatitisi B, pimeni nyumba nzima, hata wasiofikiria kutoa. Asiye nayo achanjwe, dozi tatu. Aliye nayo ahudhurie kliniki kabla ini lake halijafika kule.

Yule mwenye mafuta kwenye ini msimfute kwenye orodha. Mafuta hupungua mtu akipunguza uzito, na miezi miwili mitatu ya kutembea na kula vizuri imewahi kuwarudisha watoaji wengi. Ndiyo maana nasisitiza kuanza mapema. Muulizeni daktari alama ya MELD ya mgonjwa. Ni nambari kutoka 6 hadi 40 inayoonyesha ini limeharibika kiasi gani, inayokokotolewa kutokana na vipimo vya damu: bilirubini, kasi ya damu kuganda, hali ya figo na sodiamu. Ikifika 15 kwenda juu, mazungumzo ya upandikizaji yanafaa yawe yameanza. Hata ikiwa chini, tumbo kujaa maji, kutapika damu, au mgonjwa kuchanganyikiwa, akalala mchana na kukesha usiku, ni dalili kwamba muda unayoyoma. Nimeona wagonjwa waliochangiwa pesa zote zikatimia, lakini wakawa wamedhoofika mno kupanda ndege.

Kuhusu chakula, jamaa wenye nia njema hufanya madhara makubwa. Wanamnyang'anya mgonjwa nyama, mayai na maharagwe wakidhani wanalipumzisha ini, kumbe misuli yake inayeyuka, na mtu asiye na misuli hupata taabu sana baada ya upasuaji. Cha kupunguza ni chumvi. Kikombe cha uji kabla ya kulala ni kizuri, kwa sababu ini lililoharibika haliwezi kuweka akiba ya nguvu ya usiku kucha. Na dawa za mitishamba, hata kama zimetoka kwa mtu mnayemheshimu, ziwekeni kando kabisa.

Karatasi nazo zinakula wiki. Kamati ya India inataka ithibitishiwe undugu, kwa hiyo majina ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti lazima yafanane. Kwetu sisi, ambapo mtoto huandikishwa jina la ubatizo na la babu, kisha shuleni akaongezwa jingine, kurekebisha hayo kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kupata viza. Toeni vyeti kabatini leo. Pia India inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Ni chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na aliyekwisha kupandikizwa hapaswi kupewa. Mgonjwa amuulize daktari wake mapema kama apewe kabla ya safari au aandikiwe barua ya msamaha.

Hapo sasa ndipo harambee inapofaa, na iitishwe kwa hesabu kamili: upasuaji wenyewe, nyumba ya kupanga karibu na hospitali kwa miezi miwili mitatu, chakula cha watu watatu, na dawa za mwaka wa kwanza. Dawa ndizo husahaulika, na dawa ndizo hazina mwisho.

Siku ya upasuaji kunakuwa na vyumba viwili. Nilikatwa upande wa kulia wa ini, ambao ni kama asilimia 60 ya ini zima, nikatolewa pia mfuko wa nyongo. Lazima theluthi hivi ibaki, la sivyo madaktari hawakubali. Mtoaji hukaa mezani saa sita hivi. Mgonjwa anaweza kukaa hadi saa 12, kwa sababu ini lake la zamani hutolewa lote, kisha mishipa ya damu na njia ya nyongo kuunganishwa moja moja. Ini la mtoaji hukua likakaribia ukubwa wake wa awali ndani ya miezi miwili au mitatu, na lile la mgonjwa pia hukua.

Lakini nitasema ukweli ambao ndugu hawapendi kuusikia: mtoaji naye anaweza kufa. Kwa upande wa kulia, makadirio yanayotajwa ni mtoaji mmoja kati ya 200 hadi 500. Madaktari watamwita peke yake wamuulize kama anataka kweli, na akikataa wanaweza kuwaambia nyinyi wengine kwamba hafai kitabibu, bila kufafanua. Basi msimbane. Msimwambie mtu kwamba ndugu yake akifa damu iko mikononi mwake.

Maumivu ya siku za mwanzo ni makali. Kukohoa ndiko kulikonitesa. Muuguzi alinipa mto, akanifundisha kuukumbatia kwenye kidonda kila nikitaka kukohoa. Pembeni ya kitanda kulikuwa na kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu, unavuta pumzi hadi ipande. Siku ya kwanza mpira mmoja ulitikisika tu. Usikidharau kifaa hicho, kinazuia mapafu yasishikwe na nimonia.

Kaka alirudi nyumbani na dawa ya takrolimasi, ya kuzuia mwili usilikatae ini, kila baada ya saa 12, maisha yake yote, pamoja na dawa ya kuzuia hepatitisi isirudi. Asubuhi ya kipimo cha damu hanywi takrolimasi hadi atolewe damu kwanza, maana akiinywa kabla, kipimo kinadanganya. Balungi hali, kwa kuwa hupandisha dawa hiyo mwilini. Antibiotiki za dukani kama eritromaisini nazo huipandisha, kwa hiyo hakuna kidonge anachomeza bila kuwauliza madaktari wake. Mwili kulikataa ini hutokea zaidi miezi ya mwanzo, tena mara nyingi bila maumivu yoyote, damu tu ndiyo inayoonyesha. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai, au ngozi ikawasha mwili mzima, huenda njia ya nyongo imebana. Na joto likifika 38, msinunue dawa ya malaria mkasubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mwende na orodha ya dawa zake zote.