Mia Ipi Hiyo?

Swali lenu la wiki: je, ni utovu wa adabu mwombaji kazi kuulizia mshahara kabla hajaajiriwa? Nilitaka kujibu "hapana" niishie hapo. Tangazo linalodai vigezo kumi na viwili kisha likamalizia kwa "mshahara: maelewano" ndilo lisilo na adabu. Colorado, Marekani, tangu 2021 sheria inamtaka mwajiri aandike kiwango cha mshahara ndani ya tangazo lenyewe. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2023 nalo linataka mwombaji ajulishwe mapema, na asiulizwe alilipwa ngapi alikotoka. Aone haya anayeficha.

Lakini kinachoniwasha si adabu. Ni kwamba hata wanaothubutu kuuliza, wengi huuliza swali bovu.

Kuna mtunza stoo mmoja ambaye hesabu yake haijanitoka kichwani. Usaili ulipofika pale pa "una swali lolote kwetu?", aliuliza kwa heshima zote: "Samahani, mshahara wa nafasi hii ni kiasi gani?" Mwenyekiti wa jopo akamtajia bila kusita. Tuiite mia, kila msomaji aweke fedha ya kwao. Mia ilimtosha, akasaini.

Slipu ya kwanza ilipotoka, mia ilikuwa vipande vinne: mshahara wa msingi 60, posho ya nyumba 15, ya usafiri 15, ya mahudhurio 10. Jumla mia kamili, kabla ya makato. Hakuna aliyemdanganya. Mwezi wa tatu, wakati wa kuhesabu mali, akafanya saa 20 za ziada. Saa za kawaida zilikuwa 45 kwa wiki, sawa na 195 kwa mwezi, na ya ziada ililipwa mara moja na nusu. Yeye akapiga hesabu yake: 100 gawanya kwa 195, zidisha kwa 1.5, zidisha kwa 20. Akapata 15.4. Slipu ikaja na 9.2. Akaenda dirishani kwa mhasibu na kalkuleta yake, wakarudia pamoja mara mbili, na kila mmoja akapata jibu lilelile alilokuja nalo. Hakuna aliyekosea kuzidisha. Mhasibu alianzia kwenye 60. Ikaja likizo: usafiri na mahudhurio vikasimama, akapokea 75, napo makato hayajagusa. Pensheni nayo ilikokotolewa kwa msingi, kwa hiyo mchango wa asilimia 10 ulikuwa 6, si 10. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana halionekani mpaka mtu anastaafu.

Ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na aliuliza bei! Alichopaswa kuuliza ni hiki: ndani ya hiyo mia, msingi ni ngapi, na posho zipi husimama nikiwa likizo au mgonjwa? Ovataimu na pensheni vinakokotolewa juu ya nini? Muda wa majaribio unalipwa hivyohivyo? (Na tarehe ya mshahara. Watu huisahau, halafu kodi ya nyumba haisubiri.)

Nikifika hapa naona nimeanza kujipinga. Yule mtunza stoo aliuliza mapema, kama ninavyohimiza, na ndiko alikoponzeka. Mwenyekiti wa jopo alijua jumla tu. Mgawanyo uko kwa anayeandaa mishahara, naye chumba cha usaili haingii. Isitoshe, mwombaji akitaja namba kabla hajachaguliwa, mara nyingi namba hiyo hugeuka dari: hapewi zaidi ya hapo.

Basi nilegeze. Kabla ya usaili tuma mstari mmoja: "Naomba kujua kiwango kilichotengwa kwa nafasi hii, kuanzia ngapi hadi ngapi." Kikiwa chini ya mahitaji yako, umeokoa nauli. Siku ya usaili yenyewe, nyamaza. Wakikuuliza unatarajia ngapi, warudishie kwenye bajeti yao. Waking'ang'ania, taja namba ukiibandika maneno "mshahara wa msingi, kabla ya makato". Wakishasema wanakuchukua, na hujasaini, hapo sasa omba mgawanyo wote kwa maandishi. Wameshachoka kusaili na hawatamani kuanza upya. Wakikujibu kwa simu, waandikie siku hiyohiyo: "Nashukuru kwa maelezo. Nimeelewa kuwa msingi ni kadhaa, posho ni hizi na hizi. Mnirekebishe nikiwa nimekosea."

Kwa hiyo "hapana" yangu ibaki, ila kwa siku ya usaili naiondoa. Nayo ina mipaka. Kama kazi itakulazimu uhame, usipande gari kabla hujapata namba. Kwenye utumishi wa umma wenye ngazi zilizochapishwa, kuuliza kiasi ni kupoteza swali. Uliza unaanzia daraja lipi na kama uzoefu wa nyuma unahesabiwa. Na kwa kibarua wa siku au wa kipande, kusubiri kote nilikokuhubiri hakuna maana. Uliza kabla hujanyanyua mzigo wa kwanza, na uulize pia nani anahesabu vipande, na kile kilichokataliwa kinakatwa kwa nani.