Tumo ndani ya sanduku

Mhariri,

Swali lenu la juma hili, kwamba mwongozaji filamu aliyezaliwa na wazazi wa mataifa mawili ahesabiwe kuwa wa wapi, limenigusa penye kidonda, kwa kuwa binti yangu ni wa namna hiyo na amekwisha kuchoka kuulizwa. Niruhusuni nijibu kwa kipimo cha lugha, maana cheti cha kuzaliwa hakinielezi mengi.

Jibu nilikuwa nalo tayari: mwongozaji filamu Mati Diop ni Msenegali. Alizaliwa Paris mwaka 1982 na mama yake ni Mfaransa, lakini baba yake ni mwanamuziki Wasis Diop, ami yake ni mwongozaji Djibril Diop Mambéty, na katika Atlantique, filamu iliyompatia tuzo ya Grand Prix katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2019, watu wanazungumza Kiwolofu.

Kisha tukatazama filamu yake Dahomey, iliyotwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2024. Inafuatilia vitu 26 vya ufalme wa kale wa Dahomey ambavyo Ufaransa iliirudishia Benin mwaka 2021. Mafundi wanailaza sanamu ya Mfalme Ghezo ndani ya sanduku, mfuniko unashuka, skrubu zinakazwa, na mara kioo chote ni giza. Nilidhani kompyuta imezimika. Nikanyoosha mkono kubonyeza kitufe, binti yangu akaudaka. “Subiri, Baba. Tumo ndani.” Tukakaa katika giza lile, naye hajauachia mkono wangu, huku sanamu ikinguruma kwa Kifon, lugha ya Benin, isiyo ya baba yake Diop wala ya mama yake. Hesabu yangu ya lugha ikavurugika papo hapo.

Senegal ndiyo iliyoipeleka filamu hiyo kuwania Oscar: habari ya Benin, mwongozaji mzaliwa wa Paris, bendera ya Senegal. Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kulitumia jambo hilo kama ushahidi wangu mkubwa, lakini sasa naona linaonyesha tu ni nani aliyejitokeza kumdai, na sote twajua jinsi ndugu wanavyoongezeka mtu akishapata tuzo.

Hata hivyo, mkinibana nichague, bado nitamwandika Msenegali, mradi msinidai sababu, na mradi swali hilo msimpelekee binti yangu.