Sungura si mbuzi: kwenu vijana wa field

Juzi mmoja wenu kaja mbio na picha kwenye simu: "Bosi, sungura anaharisha, nimpe nini?" Nikaikuza. Vipunje laini, vyeusi, vinang'aa, vimeshikana kama kishada cha zabibu. Mdogo wangu, hicho ni chakula chake!

1. Kinyesi kigumu mnakijua. Hiki laini kinatoka kwenye sekamu, mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako bakteria huchachusha majani na kutengeneza protini na vitamini B. Sungura anakila moja kwa moja kutoka mkunduni, usiku au alfajiri. Kikibaki sakafuni kila siku, punguzeni pumba, ongezeni nyasi kavu.

2. Dawa. Hapa nikae kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na koti jeupe na mdomo mrefu. Mama mmoja akaniita: ana sungura kumi na wawili, wawili wanapiga chafya, pua zimelowa. Nikakoroga amoksilini, dawa ya kuua bakteria, kwenye maji ya banda zima, wagonjwa na wazima. Kwa nini wazima? Sijui, nilijiona bingwa.

Siku ya tatu akapiga simu: "Daktari, hawali." Nikamwambia avumilie, dawa inafanya kazi. Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo wangu huu.

Kesho yake nikakuta saba wamekufa, mikia imeloa majimaji ya kahawia. Nikapasua mmoja mbele yake. Sekamu, ambayo kwa sungura hubeba karibu asilimia 40 ya vilivyomo tumboni, ilikuwa imejaa gesi na maji yanayonuka. Nilikuwa nimeua bakteria wema, klostridia, bakteria wabaya, wakaachiwa uwanja na sumu yao. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mafua kweli yameisha," kisha akanimiminia chai. Sikuweza kuimaliza.

Kwa hiyo penisilini, amoksilini, ampisilini, linkomaisini: msimnyweshe sungura. Hata mwenye duka la pembejeo akiwaapia.

3. Walioachishwa kunyonya wabadilishiwe chakula polepole, kwa siku kadhaa.

4. Asiyekula tangu jana ni dharura, msisubiri Jumatatu.

5. Wewe wa picha: kesho saa kumi na moja alfajiri, njoo na tochi. Kaa kimya karibu na kizimba cha pili. Ukiona jike limeinamisha kichwa katikati ya miguu, halafu linatafuna wakati hori liko tupu, usinipigie simu.