Jiwe Linalonasa Sumaku: Je, ni Kimondo?

Swali: Nilipokuwa nikichimba msingi wa nyumba huku Sumbawanga nilikuta jiwe jeusi, zito kuliko linavyoonekana, nalo linanasa sumaku. Je, ni kimondo?

Jibu: Ndugu msomaji, uzito na sumaku ni dalili nzuri lakini hazitoshi, kwa sababu magnetaiti, madini ya chuma ya kawaida kabisa, ina sifa hizo zote mbili. Aidha, Ufipa ni nchi ya wahunzi waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, na mavi ya chuma, yaani mabaki magumu ya uyeyushaji, waliyoyaacha yangali ardhini. Kwa mahali ulipo, hayo ndiyo ningeyashuku kwanza.

Basi litazame jiwe lako kama lina vitundu vilivyoachwa na mapovu ya hewa. Mavi ya chuma na mawe ya volkano huwa navyo mara nyingi, ilhali vimondo karibu vyote havina. Kisha chukua kigae cha sakafu, ukigeuze, ulisugue jiwe upande wa nyuma usiong'arishwa. Mchirizi mweusi huashiria magnetaiti, na mwekundu wa kahawia huashiria hemataiti, madini mengine ya chuma. Kimondo ambacho hakijaliwa na kutu kwa kawaida hakiachi mchirizi, au huacha wa kijivu hafifu tu. Katika vipimo vyote vya nyumbani, hiki ndicho ninachokitegemea zaidi, maana hutenga mawe ambayo jicho na mizani haviwezi kuyatenga.

Likifaulu hapo, piga tupa pembe moja ndogo. Vimondo vingi vya mawe huonyesha punje za metali zinazometa ndani ya mwamba, na pengine chembe za mviringo ambazo miamba ya duniani haina.

Hata hivyo, mwamuzi wa mwisho ni nikeli. Kimondo cha Mbozi, chenye uzito wa takriban tani 16, ni chuma kwa asilimia 90 hivi na nikeli kwa asilimia zaidi ya 8, na metali ya vimondo huwa na nikeli daima. Kipimo hicho kinahitaji maabara, kwa hiyo wasiliana na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, ukiwa na kipande kidogo tu. Sehemu iliyobaki itunze pakavu, na tafadhali usiiguse tena kwa sumaku kali, kwani sumaku hufuta alama za usumaku ambazo kimondo huenda kimezihifadhi tangu sayari zilipokuwa zikiumbika.